Mkwe wa Jukwaa la Pili

Baba mwenyewe ndiye aliyechagua siku. Nilipomwambia kwamba kuna mtu anataka kuja nyumbani kujitambulisha, yeye na mama yake, aliiweka randa juu ya ubao aliokuwa akiulainisha, akapangusa maranda mikononi, akaniuliza mtu huyo anafanya kazi gani.

"Ni mwalimu wa shule ya msingi, Baba. Anafundisha hesabu."

"Kazi ya heshima. Wazazi wake?"

"Ana mama tu. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo."

Baba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina la rafiki wa zamani. Kisha akasema, "Waje Jumamosi. Saa tisa."

"Jumamosi hii ni mechi, Baba."

"Najua ni mechi. Kwani wao hawana macho?"

Haikuwa mechi ya hivi hivi. Ilikuwa Mwewe na Nyati, watani wa jadi, siku ambayo hata majirani wanaoazimana chumvi hawasalimiani mpaka jioni. Na baba yangu alikuwa katibu wa tawi la mashabiki wa Mwewe kwa miaka ishirini na miwili. Mtaani hakuna aliyemwita fundi seremala, ingawa kila kitanda cha mtaa ule kilitoka mikononi mwake. Wengine ndio walioitwa mafundi. Yeye aliitwa Katibu.

Mlango wetu ulikuwa wa bluu, madirisha ya bluu, na bafuni kulikuwa na ndoo mbili, zote za bluu. Mimi na dada yangu mkubwa tulilelewa na Mwewe kama watoto wengine wanavyolelewa na bibi yao. Namba nilizisoma kwanza migongoni mwa wachezaji. Baba alikata kadi mbili za karatasi ngumu, ya njano na nyekundu, akazitunza mfukoni mwa shati. Ukimwaga maziwa, njano. Ukimpiga mwenzako, njano. Njano mbili, unaosha vyombo wiki nzima. Kusema uongo ilikuwa nyekundu moja kwa moja, bila onyo, na wala hukuwa na pa kukata rufaa.

Na mimi, binti wa Katibu, nilimpenda Nyati.

Alikuja dukani kwetu, ninapopima macho na kutengeneza miwani, akiwa ameishika miwani yake vipande viwili.

"Ilivunjika wapi?" nilimuuliza.

"Uwanjani. Tulifunga bao, nikaruka, ikadondoka, jirani yangu akaikanyaga akinikumbatia."

"Mlimfunga nani?"

"Mwewe," akasema, kwa furaha isiyo na hatia, kama mtoto anayekwambia amekula.

Nilimwambia aweke kidevu kwenye mashine, nikawasha taa, nikachungulia. Katika kazi yangu natazama macho ya watu kutwa nzima, karibu kuliko wake zao wanavyoyatazama, na sijawahi kutetereka. Siku ile niliandika namba ya jicho la kulia kwenye mstari wa jicho la kushoto. Ilibidi arudi. Aliporudi nilikuwa nimeshajua kwamba ningependa arudi tena, hata kama macho yake hayana tatizo lolote.

Mwaka mzima tulipendana, na mwaka mzima Jumamosi zetu zilikuwa na ukuta katikati: yeye jukwaa lile, mimi jukwaa hili. Siku mbili kabla ya ugeni, nilimshika mkono tukiwa tumesimama nje ya shule yake, nikamwambia nililokuwa nimelipanga.

"Baba akikuuliza timu, mwambie hufuatilii mpira."

Akanitazama juu ya miwani. "Yaani nidanganye?"

"Si kudanganya. Ni kunyamaza. Akikuzoea, tutamwambia."

"Na Mama naye anyamaze?"

"Naye pia. Nakuomba, Mwalimu."

Hakupenda. Niliona taya lake likikakamaa. Lakini alinipenda, na mtu akipenda hukubali hata lile ambalo moyo wake umelikataa. "Sawa," akasema. "Kwa ajili yako."

*

Jumamosi saa tisa kamili waligonga. Mwalimu alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ya mikono ilikuwa kama wembe. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye gauni la kijivu na mikono mikubwa kuliko umbo lake, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyetoka majini sasa hivi.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mama. Karibuni mkae."

Baba alikuwa amevaa jezi yake ya bluu, ile ya zamani ambayo rangi imepauka mabegani. Akawakalisha kwenye viti alivyovichonga mwenyewe, televisheni mbele yao. Dada akaleta chai. Wachezaji walikuwa wanaingia uwanjani.

"Unajishughulisha na nini, mama?" Baba akauliza.

"Nilikuwa dobi, baba. Nimepumzika sasa, mgongo umegoma."

"Kazi ya jasho hiyo."

"Ya jasho na ya maji," akasema, akatabasamu, kisha akanitupia jicho mara moja, akanyamaza. Nikatazama sahani ya biskuti.

Dakika ya ishirini na tatu Mwewe wakapata bao. Baba aliinuka, akapiga makofi matatu, akakaa, akamnyooshea Mwalimu mkono. Mwalimu akaupokea. "Bao zuri, mzee," akasema. "Yule winga amepiga krosi bila hata kuangalia."

"Umeona?" Baba akafurahi. "Watu wengi wamemwona mfungaji tu. Wewe umeiona krosi."

Wakati wa mapumziko waliongea kuhusu shule. Baba alitaka kujua mtoto asiyeelewa hesabu hufundishwaje, na Mwalimu akamweleza kwamba hamna mtoto asiyeelewa hesabu, kuna mtoto anayeogopa kukosea mbele ya wenzake, kwa hiyo yeye hukosea kwanza ubaoni kusudi, ili watoto wamsahihishe. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akanigeukia na kunikonyeza, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mwanaume yeyote. Nikaanza kupumua. Nikamtazama Mwalimu, naye akanitazama, na kwa muda mfupi ilikuwa kama sebule nzima imehama na kutuacha wawili tu na kikombe cha chai.

Kisha, dakika ya sabini, Nyati wakasawazisha.

Mwalimu hakushangilia. Lakini mikono yake ilishika kiti hadi vifundo vikawa vyeupe, na visigino vyake vikanyanyuka sakafuni vyenyewe. Mama yake alifumba macho na kubana midomo. Kifua chake kilipanda, kikakaa juu, hakikushuka.

Baba hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anawatazama wao. Akachukua rimoti, akaondoa sauti.

"Mwalimu."

"Naam, mzee."

"Wewe ni Nyati."

Nikainamisha kichwa, nikayahesabu mapengo ya mbao za sakafu ambayo nilishayahesabu tangu utoto.

"Ndiyo, mzee," Mwalimu akasema. "Tangu nikiwa mtoto."

"Na mama?"

"Nami pia, baba," mama yake akasema, akashusha pumzi yote aliyokuwa ameishikilia.

"Bao ni kama chafya," Baba akasema. "Halifichiki. Nimekaa na mashabiki maisha yangu yote, mwanangu. Sasa niambie, nani alikutuma uje kujificha sebuleni kwangu?"

"Hakuna aliyenituma, mzee. Niliamua mwenyewe."

Aliusema uongo huo bila kunitazama, ili anikinge. Na mimi ambaye nilimfanya asimame pale, nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni.

"Si kweli, Baba," nikasema. "Ni mimi. Nilimwomba."

"Wewe?"

"Nilijua ungekataa."

"Na nakataa," Baba akasema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Lakini kwanza, hiyo ni nyekundu. Hata kama una miaka ishirini na minane."

Mwalimu akasimama. Nilidhani anaondoka. Alisimama tu, mikono mbele, kama anavyosimama mtu anayetaka kusikilizwa. "Mzee, nisamehe kwa kunyamaza. Kwa kuwa Nyati siwezi kuomba msamaha. Nampenda binti yako. Kama ni kuchagua, sitavaa bluu ili unipende, kwa sababu utakuwa umempenda mtu mwingine."

"Kaa chini, mwanangu. Sijakuambia uvae bluu." Baba aliufuta uso kwa kiganja. "Mnadhani nina chuki. Sina. Sikilizeni.

"Mama yao alipofariki, mkubwa alikuwa na miaka saba, huyu minne. Mimi nilikuwa najua vitu viwili duniani, mbao na Mwewe. Ukikaa na mtoto anayekuuliza mama yuko wapi, mbao hazikusaidii. Nyumbani nilikuwa sijui niseme nini. Basi kila Jumamosi nikawashika mkono, mmoja huku, mmoja huku, tukaenda uwanjani. Pale tulikuwa na la kuongea. Tulikuwa na watu. Huyu," akaninyooshea kidole, "hakulia miezi mitano. Mazishini hakulia. Siku moja tukafungwa bao la dakika za mwisho, akaanza kulia pale jukwaani, akalia mpaka watu wakageuka. Yeye mwenyewe alidhani analilia mpira. Mimi nilijua. Nikamwacha alie. Nilimshukuru hata yule aliyetufunga."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari ile. Nilikumbuka tu mabega ya Baba na harufu ya gundi ya mbao kwenye shati lake.

"Ile timu ndiyo ilinisaidia kulea," Baba akaendelea. "Sasa wajukuu wangu wakikaa jukwaa la pili, mimi nitakaa nao wapi? Nitawaambia nini? Sijui lugha nyingine. Ndiyo maana nakataa. Si kwa ubaya."

Televisheni ilikuwa inaendelea bila sauti, watu wadogo wakikimbia huku na huko. Kisha mama yake Mwalimu akaweka kikombe mezani.

"Baba, naomba nami niseme, kwa kuwa nilikaribishwa na sikujieleza vizuri. Nilisema nilikuwa dobi. Sikusema dobi wa nani. Miaka ishirini na sita nimefua jezi za Nyati."

Baba akamgeukia taratibu. "Za timu yenyewe?"

"Za timu yenyewe. Kwa mikono, kabla hawajanunua mashine. Na walipoinunua, za mechi kubwa nilizifua kwa mikono bado, maana mashine haijui doa la nyasi."

"Subiri kwanza," Baba akasema. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. "Kuna mechi moja ya matope. Mvua ilinyesha kutwa. Timu zote zilikwenda mapumziko zinafanana na udongo. Yenu ikarudi imevaa jezi safi za rangi ya damu ya mzee, namba nyeupe zinameremeta, kama wanakwenda harusini. Sisi tumebaki na matope yetu."

"Nilikuwa nimefua seti ya pili na kuinyoosha kwa pasi. Niliyaona mawingu ya mvua tangu alfajiri."

"Tulifungwa pale pale, kabla kipindi cha pili hakijaanza," Baba akasema. "Nililala na hasira. Lakini nilimwambia mwenzangu jukwaani, yeyote anayefua zile jezi anaipenda kazi yake. Nililisema hilo, wala sikujua namsema nani."

Yule mama aliinamisha uso. Nadhani katika miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyemwambia neno kama lile, na sasa lilikuwa limetoka kwa adui.

"Huyu," akasema, akimgusa mwanawe goti, "hakuwa na pa kukaa nikiwa kazini. Nilimlaza juu ya rundo la jezi. Alipokua kidogo, nikawa namtuma. Namwambia, niletee jezi mbili zikijumlishwa zipate kumi na moja. Ananiletea nne na saba. Namwambia, niletee nyingine. Ananiletea tisa na mbili. Sikusoma sana, baba. Hesabu nilizokuwa nazo ni zile za migongoni, nikampa zote."

Nilimtazama Mwalimu. Mwaka mzima alikuwa hajaniambia hilo. Alikuwa anatazama mikono ya mama yake, na macho yale niliyoyapima kwa mashine na kuyaandika kwa namba yalikuwa yamejaa maji.

"Na kitu kimoja sikukiruhusu nyumbani kwangu," mama yake akamalizia. "Tukifungwa na nyinyi, alikuwa anataka kuwatukana. Nilimwambia, zile jezi za bluu nazo zina mtu anayeinama kuzifua. Ukizitukana, unamtukana yeye. Basi. Hayo ndiyo malezi niliyokuwa nayo. Nimekuletea mtoto niliyemlea kwa hayo. Ukimkataa, mkatae kwa jingine, lakini usimkatae kwa sababu ya timu iliyonisaidia, maana na wewe ilikusaidia yako."

Huko nje kukazuka kelele, mtaa wa pili, ambako Nyati ni wengi. Dada akatokea jikoni na redio ndogo mkononi, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia msibani.

"Imekwisha," akasema. "Wametufunga ya pili. Dakika ya tisini na mbili."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona. Baba aliitazama televisheni, ambako watu waliovaa damu ya mzee walikuwa wamelaliana kwenye kona, kisha akamtazama Mwalimu, aliyekaa amenyooka kama kigingi.

"Haya, shangilia."

"Hapana, mzee. Siwezi, nyumbani kwako."

"Shangilia, nakwambia. Ile ya kwanza uliibana, hii ukiibana itakupasua nyongo, nikose la kumwambia mama yako."

Mwalimu akamtazama mama yake. Akainuka. Akanyanyua mikono miwili juu, bila sauti, kama mtu anayepimwa shati kwa fundi.

Baba akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo shangwe yenu? Sasa nimeelewa kwa nini jukwaa lenu halisikiki."

Mama yake Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa mwili mzima, mkono kifuani, na Dada akamfuata bila kujua anacheka nini. Baba hakucheka, lakini pembe ya mdomo wake ilicheza. Akasimama, akashika kiuno.

"Mwalimu, njoo karakana. Kuna ubao mzito, nataka mtu wa kuushika upande wa pili."

Wakatoka. Nikakusanya vikombe, na yule mama akanifuata jikoni, akanyanyua mikono ya gauni lake na kuanza kuosha kabla sijamzuia. Aliosha kikombe kimoja kwa utulivu, akakiinua kwenye mwanga, akakisuuza tena.

"Mwanangu," akasema, "nimekupenda. Umesimama ukasema ni mimi, mbele ya baba yako. Wengi wangemwacha abebe lawama."

"Nilichelewa kusimama, mama."

"Ulichelewa, lakini ulisimama. Ila usimwombe tena anyamaze. Ilinichukua miaka kumfundisha mtoto yule kuongea. Alikuwa mpole mno, watu walikuwa wanampita tu."

"Sitamwomba tena."

"Basi nipe kitambaa nikaushe."

*

Walikaa karakana muda mrefu. Hatukusikia msumeno wala nyundo. Walipotoka, Baba aliwaaga wageni mlangoni, akamshika yule mama mikono yote miwili, akamwambia asante kwa kuja. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alirudi ndani, akaanza kukusanya viti.

Niliwasindikiza. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa na mtaa ulikuwa umejaa watu, wengine wakicheka, wengine wakitembea kama wanatoka kwa daktari. Mama yake Mwalimu alitangulia makusudi, hatua kumi mbele, akijifanya anatazama nguo kwenye kamba za watu. Mwalimu alitembea karibu nami, bega lake likigusa langu.

"Kakwambia nini?" nikauliza.

"Kwanza tulishika ubao."

"Na baada ya ubao?"

"Ameniuliza kama najua kusuka nywele."

Nilisimama.

"Nami nilishangaa hivyo hivyo," akasema. "Nikadhani sijasikia vizuri. Kwa nini aniulize hivyo?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimweleza pale pale barabarani. Baada ya mama yetu kufariki, mimi na Dada tulikuwa tunakwenda shule nywele zimefungwa kwa uzi wa kupimia mbao. Jumamosi moja mama mmoja aliyekaa nyuma yetu jukwaani hakuvumilia. Wakati wa mapumziko alishuka, akavichukua vidole vya Baba, vile vinene vyenye makovu ya patasi, akaviingiza kichwani kwangu, akamwambia, shika tatu, pitisha ya pembeni juu, vuta. Kila mechi ya nyumbani walinisuka mistari miwili au mitatu, na wanaume wa tawi wakimcheka Baba, naye hata hawatazami. Msimu mzima nilikwenda shule na mistari iliyopinda. Msimu uliofuata ilikuwa imenyooka, na wasichana wa darasani waliniuliza nani ananisuka.

Mwalimu alinisikiliza bila kupepesa. "Sikujua," akasema polepole. "Mtu yule mkubwa hivyo."

"Ulimjibu nini?"

"Ukweli. Nilimwambia sijui."

"Akasemaje?"

"Akasema nije Jumapili asubuhi, wewe uwe umefumua nywele, tutajifunzia kichwani kwako. Akasema hawezi kukubali mjukuu wake aende jukwaa lolote akiwa na kichwa kama kiota."

"Jukwaa lolote?" Nilimshika mkono wa shati. "Alisema hivyo? Lolote?"

"Alisema hivyo. Nilimwomba arudie, nikijifanya sijasikia, akarudia kwa hasira."

Mbele yetu mama yake alikuwa amesimama chini ya shuka la mtu, akiligusa ukingo kwa vidole viwili na kutikisa kichwa kuisikitikia sabuni iliyotumika. Mwalimu aliushusha mkono wangu kutoka kwenye shati lake, akauweka kiganjani mwake, akaubana, na hakuuachia hata tulipopita katikati ya kundi la vijana wa bluu waliokuwa wakinijua mimi ni binti wa nani.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Baba amekaa peke yake anatazama marudio ya mechi, sauti ameirudisha. Nilikwenda chumbani, nikakaa mbele ya kioo, nikatafuta ncha ya msuko wa kwanza, nikaanza kufumua.